Sheria Inasema Dola 25, Famasi Inadai 180: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Bei ya Dawa Marekani

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wetu wa Marekani, na karibu zote zinazunguka jambo moja: jimbo limetangaza kwamba limepunguza bei ya dawa, lakini mgonjwa akifika dirishani famasi anadaiwa kama zamani. Tunaanza na barua ya Houston kwa sababu jibu lake linafungua mengine mengi. Popote tunapoandika "mchango", tunamaanisha fedha anazotoa mgonjwa mwenyewe wakati bima inalipa sehemu yake. "Kiasi cha mwanzo" ni zile fedha unazotakiwa kujilipia kila mwaka kabla bima haijaanza kulipa chochote.

Nafanya kazi ghalani hapa Houston. Natumia insulini mbili, ya usiku na ya wakati wa chakula. Nimesoma kwamba Texas ina sheria inayosema mgonjwa asilipe zaidi ya dola 25. Juzi famasi wamenidai dola 180. Wananiibia?

Hujaibiwa, ndugu yetu, na mfamasia aliyekuhudumia huenda hana kosa lolote. Sheria uliyoisoma ipo. Texas iliipitisha mwaka 2021, na inazihusu bima zilizoanza au kuhuishwa kuanzia Januari 2022: mchango usizidi dola 25 kwa kila cheti cha daktari cha insulini ya siku 30. Wewe una vyeti viwili, kwa hiyo ungetakiwa kulipa dola 50. Tatizo ni kwamba sheria ya jimbo inazibana bima zilizo chini ya jimbo peke yake, na bima nyingi za kazini haziko huko.

Toa kadi yako ya bima uitazame mbele na nyuma. Texas inazitaka bima zilizo chini ya usimamizi wake zichape herufi TDI au DOI kwenye kadi. Ukiziona, sheria ya dola 25 ni yako. Usipoziona, yawezekana kabisa kwamba mwajiri ndiye anayelipia matibabu ya wafanyakazi kwa fedha zake, na ile kampuni ya bima ambayo jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kadi inashughulikia makaratasi tu. Mipango ya namna hiyo inaongozwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 iitwayo ERISA, na bunge la jimbo haliwezi kuipangia mchango wa dawa. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa Marekani wenye bima ya kazini wamo humo, hasa wale wa waajiri wakubwa. Ndiyo maana majirani wawili wenye kadi za kampuni moja wanaweza kudaiwa bei mbili kwa insulini ileile, mmoja akaapa sheria inafanya kazi na mwenzake akaapa ni uongo, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Kwa walio katika majimbo mengine ambako kadi haina alama, iulizeni ofisi ya utumishi kazini, kwa maandishi, kama mpango ni "self-funded" au "fully insured". Yatumieni maneno hayo ya Kiingereza hivyohivyo, kwani ndiyo yaliyomo kwenye nyaraka zao. La kwanza lina maana mwajiri analipa mwenyewe na sheria ya jimbo haiwafikii. La pili lina maana bima imenunuliwa na jimbo linaisimamia.

Ukijikuta nje ya sheria ya jimbo, usikubali dola 180 hivihivi. Eli Lilly, Novo Nordisk na Sanofi, kampuni tatu zinazotengeneza karibu insulini yote inayouzwa Marekani, zina programu za dola 35 kwa mwezi kwa wenye bima binafsi na kwa wasio na bima. Unajisajili kwenye tovuti ya kampuni, unapewa kadi yenye namba, unampa mfamasia aiingize pamoja na bima yako. Ikiwa insulini yako ya usiku ni ya kampuni moja na ya chakula ni ya nyingine, unajisajili mara mbili. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanaingiza kadi moja wakidhani imemaliza kazi.

Jambo lingine ni kumbana mwajiri. Tangu 2023 sheria ya kodi ya shirikisho inaruhusu hata ile mipango yenye kiasi kikubwa cha mwanzo kulipia insulini tangu siku ya kwanza ya mwaka. Ofisi ya utumishi ikikujibu kwamba kodi inawakataza, haiko sahihi. Ni uamuzi wa mwajiri, na uamuzi huo unaweza kubadilishwa mpango unapohuishwa.

Na kama herufi TDI zipo na bado umedaiwa 180? Kwanza, hakikisha insulini uliyoandikiwa imo kwenye orodha ya dawa za bima yako, kwani ukomo unazihusu hizo. Pili, muulize mfamasia ameandika dawa hiyo ni ya siku ngapi. Boksi la kalamu lina kalamu 5, kila moja ina mililita 3, na kila mililita ina yuniti 100: jumla yuniti 1,500. Ukijidunga yuniti 30 kwa siku, na yuniti 2 za kujaribu sindano kabla ya kujidunga, boksi linakaa siku 46. Mfumo utaliona kuwa ni dawa ya zaidi ya mwezi mmoja na unaweza kukutoza michango miwili. Mambo huharibika zaidi daktari anapoandika "tumia kama ulivyoelekezwa" bila kutaja kipimo, maana mfamasia analazimika kukisia. Mwombe daktari aandike yuniti nyingi kabisa unazoweza kutumia kwa siku. Baada ya hayo yote, kama bado hesabu haiingii akilini, andika malalamiko kwa Idara ya Bima ya Texas, ukiambatanisha risiti na picha ya kadi.

Dada wa mume wangu yuko Brooklyn Park, Minnesota. Ameachishwa kazi, bima imekatika, na amebakiwa na insulini ya siku nne. Anaipunguza ili isogee. Tufanye nini?

Asiipunguze. Mtu wa kisukari cha aina ya kwanza anaweza kuingia hatarini ndani ya siku moja au mbili bila insulini ya kutosha. Akianza kutapika, akapumua kwa kasi, au kinywa kikatoa harufu kama ya matunda, mpelekeni hospitali idara ya dharura saa hiyohiyo, bima ipo haipo.

Bahati yake ni kwamba yuko Minnesota, jimbo lenye sheria ambayo sisi tunaiona kuwa bora kuliko zote kwa mtu aliye katika hali kama yake. Inaitwa kwa jina la Alec Smith, kijana aliyefariki Juni 2017 akiwa na miaka 26. Alikuwa ametimiza umri wa kutoka kwenye bima ya mama yake, akaambiwa dawa na vifaa vyake ni karibu dola 1,300 kwa mwezi, akajaribu kuibana insulini aliyokuwa nayo hadi siku ya mshahara. Wazazi wake walikwenda kwenye jengo la bunge mjini Saint Paul tena na tena. Sheria ilisainiwa Aprili 2020 ikaanza tarehe 1 Julai mwaka huohuo, na chama cha watengenezaji wa dawa kilifungua kesi ya kuipinga siku moja kabla haijaanza.

Sheria hiyo ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa dharura. Anaingia mkazi wa Minnesota aliyebakiwa na insulini isiyofika siku 7, asiye kwenye Medical Assistance wala MinnesotaCare (bima za serikali kwa wenye kipato kidogo), na asiye na bima inayomwekea mchango wa dola 75 au chini ya hapo kwa mwezi. Wifi yako anatimiza yote. Afanye hivi leo: achukue fomu fupi ya maombi kwenye tovuti ya MNsure, soko la bima la jimbo, au kwenye famasi yenyewe, aijaze na kuisaini, aende famasi na cheti cha insulini ambacho hakijaisha muda pamoja na kitambulisho cha Minnesota, leseni ya udereva, kibali cha kujifunza udereva au kitambulisho cha kabila la wenyeji. Kwa aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi ndiye anayeonyesha kitambulisho. Mfamasia anampa insulini ya siku 30 papo hapo, na anaweza kumtoza si zaidi ya dola 35. Fedha za dawa yenyewe famasi inazidai kwa mtengenezaji. Wifi yako hahusiki nazo.

Tunajua wengine wanasita kwa sababu ya hati zao za uhamiaji. Tangu Oktoba 2023 Minnesota inatoa leseni ya udereva bila kuangalia hadhi ya uhamiaji, na leseni hiyo ni kitambulisho cha Minnesota kama nyingine.

Mlango wa dharura unafunguka mara moja tu kwa miezi 12. Kuna nafasi ya siku 30 nyingine ikiwa ameomba Medical Assistance au MinnesotaCare na majibu hayajatoka, au ikiwa mtengenezaji amemkatalia kwenye mlango wa pili naye amekata rufaa. Kwa hiyo siku 30 hizo si za kupumzika. Aombe bima kupitia MNsure mara moja, maana aliyepoteza bima ya kazini ana siku 60 za kujiunga na nyingine bila kusubiri msimu wa usajili.

Mlango wa pili ni wa muda mrefu. Maombi yanakwenda moja kwa moja kwa mtengenezaji, na sharti ni kipato cha familia kisichozidi asilimia 400 ya mstari wa umaskini wa shirikisho. Kwa viwango vya 2025 hiyo ilikuwa dola 62,600 kwa mwaka kwa mtu mmoja na 128,600 kwa familia ya watu wanne, yaani wafanyakazi wengi wa kawaida wanapita. Mtengenezaji ana siku 10 za kazi za kujibu. Akikubali, kibali ni cha mwaka mzima, na insulini inatolewa ya siku 90 kwa mchango usiozidi dola 50.

Kinachowakwamisha watu mara nyingi ni mfamasia ambaye hajawahi kusikia sheria hii. Msibishane naye dirishani. Mwombeni kwa upole amwite mfamasia mkuu, mumwonyeshe fomu ya MNsure, au mwende famasi nyingine.

Akishapata bima inayosimamiwa na jimbo, kuna sheria nyingine inayomsubiri. Bima hizo za Minnesota haziruhusiwi kumtoza mgonjwa zaidi ya dola 25 kwa mwezi kwa kila dawa ya kisukari, pumu au sindano ya kuokoa maisha ya mwenye mzio mkali, na dola 50 kwa mwezi kwa vifaa kama vijiti vya kupimia sukari. Watu wa pumu wengi hawaijui hii. Wajue.

Mama yetu ana miaka 67, amekuja Aurora, Colorado, kwa kadi ya ukaazi wa kudumu miaka mitatu iliyopita. Ana kisukari. Tunasikia wazee insulini yao ni dola 35.

Dola 35 kwa mwezi ni ya walio kwenye Medicare, bima ya serikali ya shirikisho hasa kwa wenye miaka 65 na zaidi, tangu 2023, kwa sheria ya shirikisho. Kwa mwaka 2026 pia mzee wa Medicare akishatoa dola 2,100 kwa dawa zinazolipiwa na mpango wake, halipi tena hadi mwaka uishe. Lakini mwenye ukaazi wa kudumu ambaye yeye wala mwenzi wake hawana historia ya kazi Marekani anatakiwa awe amekaa miaka 5 mfululizo ndipo anunue Medicare. Mama bado miaka miwili.

Kwa sasa mnunulieni bima kwenye soko la jimbo. Bima ya mtu binafsi inayonunuliwa humo iko chini ya sheria ya jimbo, na Colorado ndilo lililokuwa jimbo la kwanza Marekani kuweka ukomo wa insulini, kwa sheria ya 2019: dola 100 kwa mwezi. Mia moja si kidogo, hivyo linganisheni na programu ya mtengenezaji ya dola 35 kabla ya kulipa.

Niko Columbus, Ohio. Cheti cha mwanangu kiliisha Ijumaa jioni, zahanati imefungwa hadi Jumatatu. Mfamasia anaweza kutupa dawa bila cheti kipya?

Anaweza, kwa masharti. Sheria ya Ohio inayojulikana kama Sheria ya Kevin ilisainiwa mwishoni mwa 2015. Kevin Houdeshell alikuwa na miaka 36. Cheti chake cha insulini kiliisha mwishoni mwa Desemba 2013, famasi haikumpata daktari kwa sababu ya sikukuu ya mwaka mpya, naye akafariki Januari 2014. Kabla ya hapo Ohio iliruhusu dawa ya saa 72 tu, na insulini huwezi kuikata ikawa ya saa 72: inauzwa kichupa kizima au kalamu nzima.

Masharti ni haya: famasi iwe na kumbukumbu ya mgonjwa kwamba imekuwa ikimpa dawa hiyo, mfamasia awe amejaribu kumpata daktari akashindwa, dawa iwe ya kuendeleza maisha au ya ugonjwa sugu ambao kuukatisha tiba kutaleta madhara, na isiwe dawa ya kulevya inayodhibitiwa. Kwa hiyo nendeni famasi mliyoizoea, siyo ile iliyo karibu ambayo hamjawahi kuingia. Na kumbukeni kwamba sheria inamruhusu mfamasia, haimlazimishi. Majimbo mengi yameiga, kila moja na kipimo chake.

Ni kweli mfamasia anakatazwa kuniambia kwamba nikilipa taslimu ni nafuu kuliko kutumia bima?

Zamani baadhi ya mikataba ilimkataza. Majimbo mengi yalianza kupiga marufuku vifungu hivyo, kisha Oktoba 2018 sheria mbili za shirikisho zikavifuta nchi nzima, kwa bima binafsi na kwa Medicare. Lakini hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha akuambie usipouliza. Uliza kila mara: "Bila bima ni kiasi gani?" Kwa dawa za kawaida zisizo na jina la kampuni, tofauti inaweza kuwa kubwa. Angalizo moja: ukilipa nje ya bima, fedha hizo kwa kawaida hazihesabiwi kwenye kiasi chako cha mwanzo. Kama una ugonjwa utakaokufikisha huko kabla ya katikati ya mwaka, piga hesabu kwanza.

Natumia dawa ya gharama kubwa ya baridi yabisi hapa Virginia. Mtengenezaji alinipa kadi ya punguzo, nilikuwa silipi kitu. Rafiki yangu wa jimbo jingine, dawa ileile na kadi ileile, Aprili alishtukia anadaiwa dola 2,000. Kwa nini yeye na siyo mimi?

Kwa sababu Virginia, pamoja na West Virginia, zilitangulia mwaka 2019 kupiga marufuku mchezo uliompata rafiki yako. Majimbo mengine mengi yamefuata, Texas ikiwemo mwaka 2023.

Chukua dawa ya dola 2,000 kwa mwezi, kiasi cha mwanzo cha dola 5,000, na kadi ya mtengenezaji inayolipa hadi dola 6,000 kwa mwaka. Januari, Februari na Machi kadi inalipa 2,000 kila mwezi na kuisha. Famasi inapokea fedha hizo, lakini bima ya rafiki yako inasema: hizi hazikutoka mfukoni mwako, kwa hiyo bado hujaanza kulipa kiasi chako cha mwanzo. Aprili analipa 2,000, Mei 2,000, Juni 1,000. Zimelipwa dola 6,000 za mtengenezaji na 5,000 za mgonjwa kabla bima haijatoa senti moja. Wewe, kwa sheria ya Virginia, dola 5,000 zilihesabiwa kuwa zimetimia ndani ya Machi, na kuanzia hapo bima ikaanza kubeba sehemu yake.

Tunaona huu ni unyang'anyi uliovikwa suti, na mabunge yaliyoukataza yanastahili shukrani. Lakini mpaka ni uleule wa jibu la Houston: sheria hii haizifikii bima ambazo mwajiri anajilipia. Rafiki yako auangalie mkataba wake kabla ya Januari, atafute maneno yanayosema msaada wa mtengenezaji "hautahesabiwa". Akiyakuta, asiitumie kadi yote mwanzoni kama bima inamruhusu kupanga, na aiulize kampuni ya dawa kama ina njia ya kumrudishia fedha baada ya yeye kulipa na kupeleka risiti. Kampuni kadhaa zinazo.

Walio kwenye Medicare au Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hawaruhusiwi kutumia kadi hizi kabisa. Ni sheria ya shirikisho dhidi ya hongo katika tiba, na kuitumia kwa kuficha bima yako kunaweza kukuletea matatizo.

Maryland ina bodi ya bei za dawa tangu 2019. Nimeishi Silver Spring muda wote huo na sijaona dawa hata moja ikishuka. Bodi inafanya nini?

Ili kuielewa bodi hiyo inabidi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 2017 Maryland ilipitisha sheria ya kuwaadhibu watengenezaji wa dawa zisizo na jina la kampuni wanaopandisha bei kupita kiasi. Aprili 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliifuta, ikisema jimbo lilikuwa linapanga bei za biashara zinazofanyika nje ya mipaka yake, kwa kuwa mtengenezaji humuuzia msambazaji aliye jimbo jingine. Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufaa ya jimbo.

Maryland ikabadili njia. Badala ya kumwambia mtengenezaji "usiuze zaidi ya hapa", ikaunda bodi, ya kwanza nchini, inayoweza kuwaambia wanunuzi walio ndani ya jimbo "msilipe zaidi ya hapa". Tofauti inaonekana ndogo, lakini kisheria ndiyo inayoshikilia kila kitu.

Bodi ina vigezo vya kuchagua dawa. Miongoni mwa inazoangalia ni dawa zenye jina la kampuni zinazoingia sokoni kwa dola 30,000 au zaidi kwa mwaka au kwa tiba moja, au zilizopanda kwa dola 3,000 ndani ya miezi 12. Dawa za kibiolojia za kuiga, yaani zinazofanana na dawa ya awali iliyotengenezwa kwa chembe hai, ambazo hazijashuka angalau asilimia 15 chini ya dawa ya awali. Na dawa zisizo na jina la kampuni za dola 100 au zaidi kwa siku 30 zilizopanda kwa asilimia 200. Kila dawa inapitia uchunguzi wa gharama, maoni ya wagonjwa, majibu ya kampuni, na kanuni zinazopita kwenye mikono mingi. Mwanzoni ukomo wenyewe ungehusu ununuzi wa serikali ya jimbo na za wilaya tu. Sheria ya 2025 ndiyo iliyofungua njia ya kuupanua kwa wakazi wote. Kwa hiyo hujakosea: miaka yote hiyo haikuwa kazi ya kuonekana dirishani famasi.

Kazi hii ni ya polepole kila mahali. Colorado iliunda bodi yake 2021. Februari 2024 ilitamka kwamba Enbrel, dawa ya baridi yabisi, haimudiki. Mtengenezaji, Amgen, akaenda mahakamani. Oktoba 2025 bodi ikapanga ukomo wa malipo kwa dawa hiyo, utakaoanza kutumika Januari 2027.

Na usichanganye ukomo wa bodi na mchango wako. Bodi inapanga kiasi kinachoweza kulipwa kwa dawa nzima. Kama mchango wako ni asilimia ya bei, au bado hujamaliza kiasi cha mwanzo, utaona unafuu. Kama mchango wako ni dola 40 zisizobadilika, utaendelea kulipa 40, na akiba itabaki kwenye bima, isipokuwa bima iirudishe kwa kupunguza ada ya kila mwezi. Vikao vya bodi ni vya wazi na hupokea maoni ya maandishi. Mgonjwa anayeandika jina la dawa, anacholipa kwa mwezi, na dozi alizowahi kuruka kwa kukosa fedha anawapa wajumbe kitu ambacho hawatakipata kwenye majedwali ya kampuni.

Naenda Mombasa Desemba. Dawa zangu za presha na sukari kule nazipata bei nafuu. Naweza kurudi na za mwaka mzima? Nasikia kuna majimbo yameruhusu dawa za nje.

Hapana, usibebe za mwaka. Majimbo yaliyoruhusu, Vermont ikitangulia 2018, na Florida iliyopata kibali cha kwanza cha FDA, mamlaka ya dawa ya shirikisho, Januari 2024, yanazungumzia jimbo kununua kwa jumla kutoka Kanada kupitia wasambazaji walioidhinishwa. Msafiri hayumo. Sheria ya shirikisho inakataza kuingiza dawa isiyoidhinishwa na FDA, hata kama kiini chake ni kilekile, kwa sababu kibali kinatolewa kwa kiwanda na toleo mahususi. Maofisa wana ruhusa ya kufumbia macho kiasi cha matumizi binafsi, kwa kawaida kisichozidi miezi mitatu, hasa kwa ugonjwa mzito usio na tiba hapa. Presha haimo kwenye maelezo hayo. Wanaweza kukuachia, wanaweza kuzichukua.

Tena huenda huna haja. Kwenye orodha ya dawa nafuu ya Walmart, lisinopril na metformin ni dola 4 kwa siku 30 na dola 10 kwa siku 90, bila bima yoyote. Mwonyeshe mfamasia majina ya dawa zako upate bei kabla hujakata tiketi ukiwa na hesabu ya kuokoa kwenye dawa.

Unapoondoka kwenda, beba dawa zako kwenye vyombo vyake vya awali vyenye lebo ya famasi, pamoja na nakala ya cheti. Kama kuna insulini, iwe kwenye begi la mkononi, maana chini ya ndege inaweza kuganda, na insulini iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Lantus, Humalog na NovoLog zilizokwisha kufunguliwa hudumu siku 28 nje ya friji, mradi joto lisipite nyuzi 30. Mombasa Desemba hupita hapo mchana, kwa hiyo tafuta mfuko wa kupoza wa maji, na usiilaze kalamu juu ya barafu moja kwa moja.